Anza Kustaafu Ukiwa Bado Kazini

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55. Akifika 60 analazimika kuondoka hata kama mwili na akili bado vinadai kazi. Wachache tu, kama maprofesa na madaktari bingwa, ndio wanaoongezewa muda. Kenya ilipandisha umri wa lazima kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009. Tarehe ya kuondoka basi inajulikana tangu siku mtu anajaza fomu za ajira, na inakaa kwenye faili lake miaka 30 na zaidi. Pamoja na hayo, wengi inawakuta hawana jibu la swali dogo: Jumatatu ya kwanza nikiamka, nani ananingoja?

Maandalizi tunayoyazungumza ni ya fedha. Tangu PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania, ilipoanza mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF, kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, kimekuwa mjadala wa nchi nzima: mkupuo wa asilimia 25, ile sehemu ya mafao inayolipwa mara moja, ukasitishwa Desemba mwaka huohuo, asilimia 33 ikaanza Julai 2022, na mwaka 2024 kikapandishwa tena. Mjadala huo ni wa haki kabisa, maana ile ni jasho la mtu. Ila mtu anaweza kulipwa kiinua mgongo chake chote kwa wakati, pensheni ikaingia kila mwezi bila kukosa, na bado akanyauka ndani ya mwaka mmoja. Hilo halimo kwenye hesabu za mfuko wowote.

Tufanye hesabu nyingine basi. Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki. Mkazi wa Dar es Salaam anayetumia saa 3 kwa siku kwenye foleni anaongeza saa 15. Jumla ni saa 60 kati ya 168 za wiki. Siku ya kustaafu saa zote hizo 60 zinarudishwa mikononi mwako, na wiki inayofuata zinarudishwa tena, na tena. Kwa mwaka ni zaidi ya saa 3,100. Hakuna mtu anayeweza kuzijaza kwa magazeti, taarifa ya habari na kumwagilia maua.

Ofisi haikupi mshahara tu. Inakupa ratiba, yaani saa ya kuoga na saa ya kurudi. Inakupa watu wa kula nao mchana, ambao hukuwachagua na umewazoea. Inakupa jambo la kuamua, na saini yako inasubiriwa. Inakupa namna ya kusalimiwa: "Shikamoo Mkurugenzi", "Karibu, Mheshimiwa". Na inakupa uhakika kwamba usipotokea, mtu ataulizia. Kitambulisho kikirudishwa, vyote hivyo vinaondoka siku moja. Mwanachama wa TANU alikuwa akiahidi kwamba cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa. Anayejua hivyo tangu mwanzo hujenga mahali pengine pa kusimama wakati bado anayo mkononi.

Kosa kubwa ni kutaka kitu kimoja kivirudishe vyote kwa mpigo, na kitu hicho karibu kila mara huitwa mradi. Mstaafu anapokea mkupuo, anajenga banda, anaingiza kuku wa mayai 500 na kuajiri kijana. Tuangalie namba. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na mpaka hapo ameshakula kilo 6 hadi 7 za chakula. Kwa kuku 500 ni kilo 3,000 hadi 3,500, sawa na mifuko 60 hadi 70 ya kilo 50, kabla hujaokota yai la kwanza. Akianza kutaga anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku, maana yake zaidi ya mfuko mmoja unafunguliwa kila asubuhi. Chanjo ya kideri hutolewa siku ya 7 na kurudiwa ya 21, ya gumboro siku ya 14 na ya 28. Ukichelewa, banda linaweza kuisha ndani ya wiki. Hii ni kazi ya mtu anayeingia bandani mwenyewe, anayejua sauti ya kuku mgonjwa kabla hajamwona. Aliyezoea kuletewa ripoti atauendesha mradi kwa simu, atasaini matumizi, na miezi tisa baadaye atasema kijana amemwibia. Pengine kweli ameibiwa. Lakini alichokuwa akikitafuta pale hakikuwa mayai. Alitaka kuwa na watu chini yake.

Siwapingi wanaofuga. Ninachosema ni kwamba mradi wa kipato na kazi ya kukupa sababu ya kuishi ni mambo mawili, na ukiyafunga pamoja, siku mradi unapokufa unabaki huna fedha na huna mahali. Ukitaka kufuga, anza na kuku 30 ukiwa bado na mshahara, uwalishe kwa mkono wako mwaka mzima. Ukiwachukia, umejua mapema kwa gharama ndogo.

Tunao watu wawili wa kuwaangalia. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki 1962, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni tangu 1926, akianzia idara ya forodha. Karibu maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya meza, kalamu na maagizo ya wakubwa. Hakuna anayekumbuka daraja lake la mshahara. Mashairi, insha na hadithi aliziandika pembeni ya ukarani, usiku na siku za mapumziko, na ndizo zilizomfanya Shaaban Robert tunayemjua.

Wa pili ni Julius Nyerere. Alipoachia urais Novemba 1985 alikuwa na shamba la kurudia Butiama, na alikuwa na kalamu. Jambo ambalo watu hulipita haraka ni kwamba tafsiri yake ya kwanza ya tamthilia ya Shakespeare ilichapishwa mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye kila aina ya shida mezani. Kwa hiyo tenzi alizozitoa miaka ya 1990, za kuweka Maandiko katika ushairi wa Kiswahili, hazikuwa jambo alilolianza uzeeni ili apitishe muda. Mkono ulikuwa umeshazoea kwa miaka 30. Ikiwa aliyekuwa na nchi nzima mabegani alipata nafasi ya kuhesabu mizani, mkuu wa idara wa halmashauri anaweza kupata saa mbili Jumamosi.

Hizo saa mbili zinapatikanaje? Chukua daftari, chora siku saba kwa safu, kila siku uigawe kwa saa moja moja. Kwa wiki mbili jaza ulichofanya, ukijaza jioni ileile, maana kumbukumbu ya Ijumaa kuhusu Jumatatu ni ya kujipendelea. Wiki moja haitoshi. Mara nyingi itakuwa na safari au kikao kikubwa na utasema haikuwa ya kawaida. Mwisho, zungushia kila saa ambayo usingekuwa na cheo isingekuwepo. Utashangaa zinavyozidi zile 45: harusi uliyoalikwa kama mgeni rasmi, simu za usiku, kundi la WhatsApp la kitengo, kikombe cha kahawa na mzabuni. Usizilaumu, zitambue tu. Kisha angalia zilizobaki nje ya duara, ukiondoa usingizi. Kama hazifiki 10 kwa wiki, hapo ndipo kazi ilipo.

Kutoka humo tenga saa 4 tu kwa wiki, katika vipindi viwili, siku zilezile kila wiki. Watu wengi huanza na saa 15 na kuziacha mwezi wa pili. Saa hizo zigawe kwa mambo mawili: moja ni ufundi unaoanza ukiwa hujui, jingine ni wajibu kwa watu wasiokulipa.

Ufundi kwanza, maana ndio unaowashinda wenye vyeo. Mtu aliyekuwa sahihi kwa miaka 25 hupata tabu kukosea mbele ya kijana. Chukua mfano wa kubebesha miche ya parachichi au maembe. Unahitaji mche wa mbegu wenye unene wa penseli, kijiti chenye macho cha sentimita 10 hadi 15 kutoka mti unaozaa vizuri, kisu kikali kama wembe na utepe wa nailoni. Unachonga kijiti kama kabari, unapasua shina la mche, unachomeka, unafunga kwa nguvu na kuweka kivulini. Baada ya wiki tatu hadi sita macho yanaanza kufumua, au kijiti kinakauka. Mwanzoni vingi vitakauka. Kisu kilikuwa butu kikaponda badala ya kukata. Au tabaka la kijani chini ya gome la kijiti halikukutana na la mche, kwa sababu vilitofautiana unene na ukavipanga katikati badala ya kuvilinganisha upande mmoja. Au maji yaliingia kwenye jeraha. Mche haujui kama uliwahi kuwa na dereva. Unashika au haushiki, na fundi wa kitalu mwenye umri wa mwanao atakuonyesha ulipokosea. Mtu akipita miezi sita hapo, kitu fulani kinalegea ndani yake na anaanza kuuliza maswali kama alivyouliza alipokuwa kijana. Si lazima iwe miche. Inaweza kuwa nota za kwaya, tajwidi, ushonaji, uchongaji, kurekebisha redio, Kiarabu, Kifaransa. Masharti ni matatu tu: uwe hujui, pawe na anayejua wa kukurekebisha, na matokeo yaonekane bila mtu kukusifia.

Wajibu ni jambo gumu zaidi kwa sababu nyingine. Ukiingia kamati ya shule, chama cha wakulima, jumuiya ya kanisa au kamati ya msikiti, watu wanakujua. Kikao cha pili watasema, "Mzee wetu huyu ana uzoefu, tumpe uenyekiti." Nashauri kwa nguvu zote: kataa. Kataa mwaka mzima. Ukikubali umehamisha ofisi tu, na zile heshima za kiti zitakuzuia kujua kama watu wanakutaka wewe au wanataka barua zako ziende wilayani haraka. Omba kazi isiyo na kiti: kuandika mahudhurio, kusimamia watoto wanaosoma jioni, kubeba maturubai, kukagua bomba la kisima kila Jumamosi asubuhi na kumwambia fundi koki ipi inavuja. Iwe kazi ambayo usipoifanya mtu anaathirika wiki hiyohiyo. Dalili kwamba imeshika ni pale unapokosa siku moja na mtu anakuja kubisha hodi, "Baba Asha, vipi, unaumwa?"

Hapo panaibua kipimo kingine. Chukua nyumba kumi zinazokuzunguka, zile ambazo zamani zingekuwa chini ya balozi mmoja, na uandike majina ya watu wazima wanaoishi humo. Usiandike "yule mwenye gereji". Andika jina, na jina la mtoto wao mmoja. Mtu aliyetoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku kwa miaka 20 mara nyingi hujaza nyumba tatu. Nao wanamjua kwa geti na rangi ya gari. Hilo halirekebishwi kwa kuita watu karamu ya kuagwa. Linarekebishwa msibani.

Wenye vyeo huwakilishwa misibani. Rambirambi inatumwa kwa simu, au dereva anapeleka bahasha, au mwenyewe anafika dakika 20 kabla ya mazishi, anapewa kiti cha mbele na kuondoka na gari linalounguruma. Familia inashukuru, daftari la michango lina jina lake, lakini hajakaa na mtu. Badala yake, kwenye msiba unaofuata mtaani fika asubuhi turubai linapofungwa. Muulize anayeshika daftari kuna kazi gani. Shika kamba, katafute viti, kaa kwenye mkeka na wazee wenzako, sikiliza. Ukiwa Mwislamu shika jembe kwa zamu makaburini, na khitma usiikose. Ukiwa Mkristo lala hata usiku mmoja. Misiba mitatu ya namna hiyo kwa mwaka itakupa majirani ambao mwaliko wa chakula haukupi. Na kama mtaa una chama cha kufa na kuzikana, jiandikishe sasa, maana baadhi havimpokei mtu aliyekwisha kuzeeka au vina muda wa kungoja kabla ya kunufaika.

Nyumbani nako kuna utawala wake, na uliwekwa wewe haupo. Mume anayestaafu huingia jikoni wiki ya pili na kuuliza kwa nini gesi imeisha kabla ya mwezi, kwa nini dada wa kazi anaanza kufua saa 4. Kwa nia njema kabisa, anaendesha kikao. Mke aliyeiendesha nyumba ile miaka 30 anajiona amewekewa mkaguzi. Mwaka mmoja kabla, kaeni wawili mkubaliane mambo matatu: saa ambazo kila mmoja atakuwa nje ya nyumba, sehemu ya nyumba ambayo ni yako kukaa bila kumzuia mwenzako, na kazi moja ya nyumbani itakayokuwa yako moja kwa moja, kuanzia kupanga hadi kumaliza. Kwenda sokoni kila Jumatano ni kazi nzuri: ina bajeti, ina kutembea, ina kubishana bei, na mwenye duka la nazi atakuzoea.

Mwanamke anayestaafu anakutana na mtego wa upande wa pili. Watoto wanafurahi kwamba "mama sasa yupo", na kabla mwezi haujaisha analetewa wajukuu watatu wenye begi la nepi. Kulea wajukuu kuna utamu wake, lakini siku saba kwa wiki ni ajira bila mshahara na bila likizo, na ile kwaya au kitalu alichokuwa amekianza kinakufa kimyakimya. Aseme mapema, wakati bado yupo kazini: siku mbili kwa wiki, zitajwe kwa majina, na mtoto akitaka zaidi aombe. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa bado una mahali pa kwenda Jumatatu. Ukishakaa nyumbani, kila "hapana" inaonekana ya uvivu.

Baada ya mwaka wa saa 4 kwa wiki, fanya jaribio. Likizo ya mwaka kwa sheria ya Tanzania Bara ni siku 28. Usiende nazo zote kijijini; chukua 14 mfululizo, ukae nyumbani na uishi kama mstaafu. Simu ya ofisi izimwe na akabidhiwe mtu. Panda daladala. Tumia fedha kiasi cha pensheni unayotarajia tu, iliyogawanywa kwa wiki mbili. Kila usiku andika mistari miwili: ni saa ipi ilikuwa ndefu kuliko zote, na nani umezungumza naye zaidi ya salamu. Siku za mwanzo zitadanganya, kwa sababu ni mwili unalipa deni la usingizi. Wiki ya pili ndiyo ya kusoma. Mara nyingi shimo liko kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, wakati mtaa umeondoka kwenda kazini, na hiyo inakuambia kwamba kitalu kiwe asubuhi na kamati ziwe jioni. Watu hupanga kinyume.

Kiinua mgongo nacho kilindwe na haraka ya miezi ile ya mwanzo. Hatifungani za serikali, yaani fedha unayoikopesha serikali kwa riba, huuzwa kupitia Benki Kuu ya Tanzania, zinaanzia shilingi milioni 1 na hulipa riba mara mbili kwa mwaka, faida yake kwa mtu wa hali hii ni kwamba fedha ina jibu la kuwapa ndugu na madalali wa viwanja: "imefungwa." Wakati huo wewe unaendelea na kuku wako 30.

Wenzako wa zamani watapiga simu kuomba ushauri. Waitikie, lakini uwape siku moja ya wiki, Alhamisi kwa mfano, na ukae nayo. Ukipokea kila siku utakuwa umefanya kazi ileile bila kiti, na baada ya miezi kadhaa simu zitakapopungua, kama zinavyopungua kwa kila mtu, utahisi umefukuzwa mara ya pili.

Aliye na miaka 38, mwenye watoto wa shule na mkopo wa nyumba, ataona haya hayamhusu. Saa 4 kwake ni nyingi. Achukue 2, Jumamosi kuanzia saa 1 asubuhi kabla simu hazijaanza, wiki 50 kwa mwaka. Ni saa 100. Akifika 60 atakuwa na saa 2,200 za jambo ambalo hakuna barua ya uhamisho inayoligusa, na pengine safu ya miparachichi iliyoanza kuzaa zamani, ambayo vijana wa mtaa wanakuja kukata vijiti vya kubebesha bila kujua mwenye shamba alifanya kazi wizara gani.